Soketi iliyozama kwenye maji ya bahari haiponi kwa kukauka

SWALI: Tunaishi karibu na Ghuba ya Tampa, Florida. Tulihama kwa amri ya kaunti kabla ya kimbunga Helene kufika, na tuliporudi tukakuta alama ya maji ya bahari ukutani, juu kidogo ya goti. Soketi zote za chini zilizama. Fundi aliyeletwa na jirani anasema tuzikaushe kwa feni siku mbili, azipulizie dawa ya kusafishia, kisha awashe swichi kuu. Je, hilo linatosha? Fedha nyingi zimekwisha hotelini.

JIBU: Poleni sana kwa yaliyowakuta. Halitoshi, na ninakuomba usimruhusu fundi huyo awashe chochote.

Swali hili hunifikia kila baada ya kimbunga, na kosa huwa ni lile lile: watu huamini kwamba kinachodhuru ni maji, kwa hiyo maji yakishaondoka hatari nayo imeondoka. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi ndani ya soketi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, ambao Florida haukosekani hata siku moja. Ikishapata unyevu hupitisha umeme kidogo kidogo mahali usipotakiwa kupita, plastiki iliyo katikati hupata joto na kugeuka makaa polepole, na makaa hayo hupitisha umeme mwingi zaidi. Kazi hiyo huendelea kimya kwa wiki au miezi, wakati wenye nyumba wamekwisha kusahau kwamba kulikuwa na kimbunga. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida tarehe 28 Septemba 2022, magari ya umeme yaliyokuwa yamezama yaliendelea kushika moto siku na wiki kadhaa baada ya bahari kurudi mahali pake.

Niliwahi kuifungua soketi iliyokuwa nyuma ya jokofu katika nyumba ambayo familia ilikuwa imetumia umeme kwa miezi mitatu bila kuona tatizo. Kwa mbele ilikuwa nyeupe na safi. Kwa nyuma, skrubu zilikuwa zimevikwa unga wa kijani, plastiki ilikuwa ya kahawia kama mkate ulioanza kuungua, na nilipouvuta waya kidogo tu ulikatika mkononi mwangu. Kitanda cha mtoto kilikuwa upande wa pili wa ukuta huo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba taa kuwaka si ushahidi wa usalama. Breka iliyozama inaweza kuwasha nyumba nzima vizuri kabisa, lakini ndani yake mna springi na vipande vya chuma vilivyopimwa kwa uangalifu ili vikate umeme unapozidi, na vikishaingia chumvi na matope huenda visifyatuke siku vinapohitajika. Hakuna dawa ya kupuliza inayorudisha vipimo hivyo. Watengenezaji wenyewe huelekeza kwamba breka, soketi na swichi zilizozama zibadilishwe, wala hawatoi njia ya kuzisafisha.

Katika nyumba yako ipo nafuu moja. Kama boksi la breka liko usawa wa kifua na maji hayakulifikia, huenda likabaki, baada ya kukaguliwa. Soketi za chini zibadilishwe zote, pamoja na swichi ya nje ya kiyoyozi ikiwa ilizama. Nyaya ndizo watu huzisahau: kebo nyingi za nyumba za Marekani zina karatasi ndani ya ganda la plastiki, na karatasi hiyo hufyonza maji kama utambi wa taa ya mafuta, hivyo unyevu hupanda juu kupita alama unayoiona ukutani. Fundi makini hukata kebo juu ya mahali unyevu ulipofika, au huvuta mpya kabisa. Piga picha za kila kitu pamoja na alama ya maji kabla hakijang'olewa, kwa ajili ya bima.

Linalonisikitisha zaidi ni hawa mafundi wa msimu, ambao hufika na gari na ngazi kabla hata barabara hazijafunguliwa, wakijua kwamba watu waliolala hotelini wiki mbili watamlipa yeyote anayewaahidi taa leo. Wengine huchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme ukarudi hadi kwenye transfoma ya mtaani, ukapandishwa kuwa maelfu ya volti na kumkuta mfanyakazi wa kampuni ya umeme aliyeshika waya akiamini umezimwa. Mwenye leseni hukupa namba yake bila kusita, nawe unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti ya jimbo. Huomba kibali, na kazi yake hukaguliwa. Anayekwambia kibali ni kupoteza muda, mwache aende zake.

Na ikiwa umeme umekwisha kuwashwa wakati unasoma haya, zima swichi kuu leo hii, ukiwa umesimama pakavu; kama sakafu bado ina maji, usiisogelee, ipigie simu kampuni ya umeme ikate kutoka nje. Watoto walale kwingine hadi mkaguzi apite.