Kabla ya kukodi shamba la viazi Kinangop, ijue jalidi

Kila bei ya viazi inapopanda, wauza viazi karai wa Malindi huanza kuulizana habari za mashamba ya kukodi Nyandarua, kule nyanda za juu. Mimi nililima Kinangop, huko huko Nyandarua, kabla ya kurudi nyumbani kufungua kitalu cha miche, basi maswali huishia kwangu. Ami yangu, ambaye ana kibanda sokoni, aliniuliza juzi kama ni kweli shamba zima laweza kuungua kwa usiku mmoja wa baridi. Laweza, Ami. Jioni majani ni mabichi, alfajiri yamefunikwa na barafu nyembamba nyeupe, ndiyo jalidi, na jua likipanda yanalegea na kuwa meusi.

Sisi wa pwani huuliza tu kule baridi hufika nyuzi ngapi. Swali hilo halitoshi. Uliza pia siku zilizotangulia zilikuwaje, kwa sababu mmea ule ule unaweza kuponea jalidi wiki hii na kufa kwa baridi hiyo hiyo mwezi ujao. Uwezo wa kustahimili baridi hujengwa, kisha huvunjika.

Kabichi, sukuma wiki, ngano na shayiri zikipata siku mfululizo za baridi isiyofika kuganda, tuseme kati ya nyuzi 0 na 10 za Selsiasi, huanza kujiandaa. Sukari huongezeka ndani ya seli, na mafuta yaliyo katika utando wa seli hubadilika. Chukua chupa ya mafuta ya nazi, ambayo asubuhi za Julai huganda hata hapa Malindi, uiweke kando ya mafuta ya simsim yasiyoganda. Mmea unaozoea baridi huongeza mafuta ya namna ya simsim katika utando wake ili ubaki laini. Hili lina maana kubwa, kwani barafu huanza kujiunda nje ya seli, kisha huvuta maji yaliyomo ndani. Seli isiyojiandaa hukaushwa, utando ukapasuka, ikafa. Ile sukari iliyojilimbikiza ndiyo pia inayoipa sukuma wiki ya kule juu utamu wake.

Maandalizi haya huchukua wiki. Ngano inayopandwa Ulaya kabla ya majira ya baridi, ikiwa haijazoea, hufa kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri; ikishazoea vizuri, aina zake ngumu huvumilia hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini joto likirudi kwa siku chache, mmea hugeukia kukua, na kinga iliyojengwa kwa wiki nyingi hupungua upesi. Mwaka 2021 Ufaransa ilipata joto lisilo la kawaida mwishoni mwa Machi, mizabibu ikachipua. Jalidi ya Aprili ikaja na kuyaunguza machipukizi hayo. Baridi hiyo isingeyadhuru sana yangekuwa bado yamefumba.

Nyanda zetu za juu zina ugumu wao. Januari na Februari mchana ni jua, usiku anga halina wingu wala upepo, na joto la ardhi lote hupotea angani. Mmea haupati zile wiki tulivu za baridi za kujiandaa. Januari 2012 jalidi iliunguza majani chai ya Kericho na Nandi, mimea ya kudumu iliyoota pale kwa miaka mingi.

Na viazi? Hapa nakuombeni mnisikilize vizuri. Kiazi tunachokula hakijifunzi baridi, hata ukizoeshe namna gani. Majani yake hufa karibu na nyuzi 3 chini ya sifuri. Wapo ndugu zake wa porini Amerika ya Kusini wanaoweza kuzoea, na watafiti wamejaribu kuchanganya mbegu, lakini kiazi cha sokoni hakina uwezo huo. Mahindi, maharagwe na nyanya ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo mlinzi wa kiazi ni mahali na wakati. Usikodi bondeni hata bei ikiwa nusu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hutiririka kukusanyika chini, tafuta mteremko. Viazi vilivyopandwa Novemba hukutana na Januari vikiwa na majani teketeke, kwa hiyo mimi napendelea mvua za masika. Ukiona mchana mkavu na jioni anga halina wingu kabisa, mwagilia udongo mapema, maana udongo wenye maji hutunza joto na kulitoa usiku. Usitandaze nyasi kavu msimu huo: huzuia joto la ardhi lisiyafikie majani.

Anayetaka kabichi ana nafasi nzuri zaidi. Miche iliyolelewa kwenye joto itolewe nje wiki moja au zaidi kabla ya kupandwa, ipunguziwe maji na mbolea ya naitrojeni. Hapa kitaluni nafanya vivyo hivyo na pilipili, ila mimi naizoesha jua na upepo wa kusi.

Na jalidi ikishapiga viazi, usikimbilie kung'oa. Subiri wiki moja uchunguze mashina karibu na udongo. Mmea mchanga mara nyingi huchipua tena kutoka chini.