Kwa Nini Kahawa Hulowekwa Kabla ya Kuanikwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipotembelea shamba dogo la kahawa niliona matunda mekundu yakimenywa, kisha mbegu zake zikaachwa usiku kucha ndani ya tangi kabla ya kuanikwa. Kwa nini zisianikwe moja kwa moja? Tena, mbona hazikuwa na harufu ya kahawa?

JIBU: Ndugu msomaji, mbegu ya kahawa iliyotoka kumenywa huwa imefunikwa na ute wenye sukari ambao maji peke yake hayauondoi kwa urahisi. Ndani ya tangi, vimeng'enya na vijidudu huulegeza ute huo kwa muda wa saa 12 hadi 36 hivi, kutegemea joto la mahali, na mkulima hupima kwa kusugua mbegu viganjani: zikikwaruza badala ya kuteleza, ziko tayari kuoshwa. Akichelewa, ladha huchachuka, na hakuna ukaangaji utakaoirekebisha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ustadi wa mkulima hudhihirika zaidi. Hata hivyo, wako wanaoanika tunda zima bila kulimenya, na kahawa yao huwa nzito na yenye ladha ya matunda.

Baada ya kuoshwa, mbegu huanikwa na kugeuzwageuzwa mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi, ndipo hukobolewa.

Kuhusu harufu, buni mbichi hunukia kama majani makavu, kwa sababu harufu uitarajiayo huzaliwa kikaangoni, katika joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi au kuzidi.