Maswali yenu: watoto wa More na mikono waliyopitia

Wiki iliyopita niligusia michoro ya chaki ya watoto wa Thomas More, mwanasheria na mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Aliyewachora ni Mjerumani Hans Holbein, alipokaa London mara ya kwanza, 1526 hadi 1528. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nachukua tano.

Shikamoo mwandishi. Ni chaki gani hiyo ya kudumu miaka 500? Yetu ya shuleni haimalizi kipindi. (Mwalimu, Tanga)

Marahaba, mwalimu. Ya ubaoni ni unga uliokandwa ukakaushwa. Ya Holbein ilikuwa jiwe lenyewe: jeusi laini lililochimbwa ardhini na kuchongwa vipande, na jekundu lenye kutu ya chuma, ndugu wa ngeu wanayopigia mstari maseremala. Rangi yake haipauki upesi kwa mwanga. Adui yake ni kidole.

Walikuwa watoto wadogo? (Msomaji, Nakuru)

Wadogo kwa baba yao. Uko mchoro mwingine wa wino, wa familia nzima, uliohifadhiwa Basel, Uswisi, ambao umeandikwa umri wa kila mmoja: Margaret 22, Elizabeth 21, Cecily 20, John 19. Michoro ya chaki ya watoto hao iliyobaki ni ya hao watatu wa mwisho. Mimi nampenda John: nywele timutimu, macho chini kitabuni, kama kijana aliyeambiwa atulie naye akatulia kwa sharti aendelee kusoma.

Zilikuwa kazi za matayarisho. Picha kubwa ya rangi iliyokusudiwa iliungua mwaka 1752 katika kasri la Kremsier, Moravia, katika Ucheki ya leo. Makaratasi ya fundi yakaishi kuliko picha yenyewe.

Basi zilibaki kwa familia? (Bi. wa Mombasa)

Hapana, bibi, na hapa ndipo pana utamu. Makaratasi ya aina hii hubaki na mchoraji, kwa kuwa ni zana zake. More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa amri ya mfalme yule yule, Holbein akafa 1543, na michoro ikaishia katika jumba la kifalme, imefungwa kitabu kimoja. Orodha ya mali ya Lodi Lumley ya mwaka 1590 inakitaja kitabu hicho na kusema kilikuwa cha Mfalme Edward VI, mwana wa Henry. Lumley alikipata kwa baba mkwe wake, Lodi wa Arundel.

Baadaye kikarudi kwa wafalme, na Charles I akakitoa kwa Lodi wa Pembroke, wakabadilishana kwa picha moja ndogo ya mchoraji Mwitalia Raphael, Mtakatifu George akimchoma joka, isiyofika sentimita 30 kwa urefu. Kitabu kizima kwa kibao kimoja! Pembroke hakukaa nacho. Alimpa Lodi mwingine wa Arundel, mkusanyaji mkubwa wa sanaa. Kufikia 1675 kilikuwa tena kwa mfalme, Charles II. Kisha kikasahaulika hadi mwaka 1727, Malkia Caroline alipokikuta ndani ya kabati la kuandikia katika jumba la kifalme la Kensington, London. Leo michoro kama 80 iko katika kasri la kifalme la Windsor.

Na George je? Charles I alipouawa, mali zake ziliuzwa. Picha ikaenda Ufaransa, ikanunuliwa na Catherine wa Urusi mwaka 1772, Wasovieti wakamuuzia Mmarekani Andrew Mellon 1931, na sasa iko Washington. Waliobadilishana hawakupata kukaa navyo, si huyu si yule.

Majina yaliyoandikwa juu ya michoro yanaaminika? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Yasome kwa jicho la pembeni. Hayakuandikwa na Holbein. Elizabeth ameandikwa "The Lady Barkley", mtu mwingine kabisa. Margaret Giggs, aliyelelewa nyumbani kwa More kama dada yao, amepewa jina la yaya wa mwana wa mfalme. Aliyemrudishia kila mmoja jina lake ni ule mchoro wa Basel, sura kwa sura. Maandishi ya Holbein mwenyewe ni mafupi: majina ya rangi kwa Kijerumani, ya kumkumbusha wakati wa kupaka.

Nina mchoro wa chaki wa marehemu mama na nduguye walipokuwa wadogo. Niutunzeje? (Msomaji, Muscat)

Usiupanguse vumbi, hata kwa kitambaa laini. Uwekwe kwenye fremu yenye ukingo wa karatasi nene ili kioo kisiguse chaki, na usitundikwe jikoni wala ukuta unaotoka unyevu. Kisha chukua karatasi ya pembeni, si mchoro wenyewe, uandike kwa penseli: mama ni yupi, nduguye ni yupi, nani aliwachora, ulikufikiaje. Andika wiki hii, angali yupo nyumbani anayewajua wote wawili kwa sura.