Betri ya Noah imelala masika nzima: niichaji vipi?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Rau, Moshi. Noah yangu niliiegesha mvua zilipoanza, sasa zimepita wiki sita. Jana nilipojaribu kuwasha ikalia tik-tik tu, na taa za dashibodi zikafifia. Betri imeandikwa 60Ah, ni ya kuongeza maji. Jirani ameniazima chaja yenye swichi ya taratibu na haraka. Nataka niichaji usiku kucha ndani ya stoo, maana nje naogopa wezi. Stoo imeungana na jiko, tunapikia mkaa. Pia kuna mtu kaniambia niongeze tindikali kwanza ili ipate nguvu. Niko sawa?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Naanza na stoo, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kupoteza macho. Usichaji humo.

Betri ya aina yako ikichajiwa, hasa ikikaribia kujaa, umeme unayachana maji yaliyomo ndani yanakuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kujikusanya chini ya dari. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ndogo inatosha kuilipua. Sasa fikiria stoo imefungwa, mkaa unawaka upande wa pili, na wewe umelala.

Nilipokuwa bado najifunza kazi kwenye gereji moja hapa Arusha, mwenzangu aliwasha kibiriti ili aone kiwango cha maji kwenye betri iliyotoka kuchajiwa. Mfuniko ulipasuka vipande vipande na tindikali ikamrukia usoni. Tulimpeleka bombani mbio, tukammwagia maji machoni kwa dakika kama 20 bila kuacha, ndipo tukamkimbiza hospitali. Alipona. Tangu siku ile sichaji betri bila ndoo ya maji safi pembeni, na nawe uiweke. Vaa miwani ya kukinga macho, vua pete na saa ya chuma.

Kuhusu wezi, chaji mchana, barazani au uwanjani penye kivuli, siku ambayo utakuwepo nyumbani. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu.

Tindikali usiongeze hata tone. Ile iliyomo haijapotea: betri inapoisha chaji, sehemu ya tindikali huingia kwenye sahani za risasi, na ukichaji inarudi kwenye maji. Ukiongeza nyingine sasa, betri ikijaa itakuwa na tindikali kali kupita kiasi na sahani zitaliwa. Kinachopungua kwa joto na kwa kuchaji ni maji. Kwa hiyo nunua maji yaliyotoneshwa (distilled water), na soma chupa vizuri, kwa sababu kuna wauzaji wanaoita "maji ya betri" kitu ambacho ni tindikali. Ya bomba usitie, hata kama ni yale baridi yanayoshuka mlimani. Madini yake yanaharibu sahani, na huku kwetu Arusha tuna floraidi juu yake. Kabla ya kuchaji tia ya kufunika sahani tu. Ya kufikia alama utamalizia betri ikishajaa, kwa sababu kiwango hupanda wakati wa kuchaji.

Swichi weka taratibu. Kanuni yetu mafundi ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri, hivyo 60Ah, yaani ampea-saa 60, inataka ampea 6, na betri iliyolala muda mrefu kama yako mimi ningeianza kwa 3. Kwa ampea 6 itachukua saa 10 hadi 12 au zaidi kidogo. Haraka haraka inaichemsha. Ukigusa ubavu wake ukaona joto la kukufanya utoe mkono, zima na uiache ipoe.

Kuitoa kwenye gari, legeza hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche kubwa. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Kuunganisha chaja nako kuna utaratibu: iwe imezimwa ukutani, kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima ukutani kabla ya kugusa kibanio chochote. Umeme ukikatika katikati, zima pale pale, uwashe tena ukishatulia. Angalia pia vitundu vya hewa kwenye vifuniko visiwe vimeziba kwa uchafu. Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, haya haya unayotia kwenye maharage, ila yasiingie ndani ya seli, yaani vile vyumba sita vya ndani ya betri.

Ikishajaa, iache bila waya hadi kesho yake halafu upime kwa mita ya volti. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, imeshika. 12.2 ni kama nusu. Ikibaki karibu na 10.5, seli moja kati ya sita imekufa, usipoteze umeme wako tena. Nikuambie ukweli: betri iliyokaa tupu kwa wiki kadhaa huota chumvi ngumu ya risasi kwenye sahani, na nyingine hazirudi kabisa. Ikiwa mbovu, wapelekee wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima, usiimwage kwenye mfereji wala kwenye migomba.

Swali ambalo hukuniuliza ni nani aliyeimaliza. Gari likiwa limezimwa bado kuna vitu vinakula: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari. Vikila miliampea 50 tu, kwa siku 42 ni karibu 50Ah, na yako nzima ni 60. Kuwasha injini dakika kumi pale uwanjani hakurudishi kitu cha maana. Safari ya Moshi hadi Arusha, kilomita kama 80, ndiyo inayosaidia, lakini baada ya kuichaji, siyo kwa kuibusti ikiwa tupu, maana utaiumiza alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Masika ijayo, siku unayoliegesha, chukua spana namba 10 utoe waya wa hasi.