Mbu wa msituni ambaye hatumjui: nitajuaje kama ni spishi mpya?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Marangu. Pamoja na wanafunzi tumekuwa tukichota maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba, kwenye masale (mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba) na kwenye mashimo ya miti karibu na mpaka wa msitu, kisha tunasubiri mbu watoke. Tumepata mmoja mkubwa anayeng'aa bluu na kijani, mdomo wake umepindia chini, na wengine wadogo weusi wenye mabaka ya fedha kifuani. Kwenye intaneti hatukuona picha inayofanana nao kabisa. Inawezekana ni spishi mpya? Na mtu akipata mbu mpya kweli, anafanya nini mpaka jina lake likubalike duniani?

JIBU: Mwalimu, salaam kwako na kwa wanafunzi wako.

Yule mkubwa nitammaliza haraka. Umbo kubwa, magamba yanayong'aa na mrija wa mdomo uliopindia chini ni dalili za jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Toxorhynchites, na spishi inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Toxorhynchites brevipalpis, aliyepewa jina mwaka 1901. Hanyonyi damu, si jike wala dume. Wote wanaishi kwa nekta na majimaji ya mimea. Viluwiluwi wake ndio walaji: wanakula viluwiluwi wa mbu wengine, na hata wao kwa wao. Ukimweka kiluwiluwi wake na wengine kwenye kopo moja utapoteza ushahidi wote uliokusanya, kwa hiyo mtenge siku hiyohiyo.

Wale wadogo weusi ndio wanaohitaji maelezo marefu. Kwa mahali ulipowatoa, mimi ningefikiria kwanza makundi mawili: kundi la Aedes simpsoni, linalopenda maji ya makwapa ya migomba, magimbi na masale, na jenasi ya Eretmapodites, inayozaliana kwenye makwapa hayohayo, kwenye majani makavu yaliyoanguka na hata kwenye makombe ya konokono. Kwa Eretmapodites, majike wa spishi nyingi hawatenganishiki kwa macho. Spishi hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini. Kama mlichonacho ni jike mmoja, hakuna mtaalamu yeyote mwaminifu atakayekuambia kwa uhakika kwamba ni mpya au si mpya.

Kundi la simpsoni lina funzo lake. Kwa miaka mingi mbu hawa wote waliitwa jina moja. Mwaka 1979 Yiau-Min Huang alilichambua kundi hilo na kuonyesha kwamba Aedes simpsoni halisi ni wa kusini mwa Afrika, na kwamba yule aliyehusishwa na homa ya manjano huku kwetu ni Aedes bromeliae, na kwamba kuna mwingine tena, Aedes lilii. Majina ya bromeliae na lilii yalikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila yalikuwa yamemezwa na jina la simpsoni. Maana yake kwako ni hii: mbu anaweza kuwa tofauti kabisa na wale walioorodheshwa, na bado asiwe mpya, kwa sababu kuna mtu alishamwandika zamani na jina lake limelala. Kabla hujatoa jina jipya, lazima uyapitie yote yaliyowahi kutolewa kwa ndugu zake, yakiwemo yaliyofutwa.

Hapo ndipo intaneti inapokupotosha. Duniani kuna spishi zaidi ya 3,500 za mbu zenye majina, na picha nzuri zipo kwa wachache, hasa wale wanaouma watu mijini. Wa msituni wengi wanajulikana kwa maelezo ya maandishi na michoro ya wino tu. Kwa mbu wa Afrika wasio Anopheles (jenasi ya mbu wa malaria), maelezo ya msingi ya mbu wakubwa, yaani waliokomaa, bado ni ya mtaalamu Edwards ya mwaka 1941. Kwa Anopheles tuna bahati zaidi, kwani kazi ya Gillies na De Meillon ya mwaka 1968 imekuwa ikihuishwa, na ufunguo wa utambuzi wa Coetzee ulitoka mwaka 2020.

Huyo Gillies alifanya kazi hapahapa kaskazini mwa Tanzania. Miaka ya 1950 nyumba za Upare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrin kupambana na malaria. Anopheles funestus, mwambukizaji mkubwa, akakaribia kutoweka. Lakini mbu wanaofanana naye waliendelea kuonekana. Wangehesabiwa wote kuwa funestus, ingeonekana dawa imeshindwa. Kumbe aliyekuwa akiongezeka ni Anopheles rivulorum, ambaye anapenda zaidi damu ya wanyama. Na mwaka 1962 Gillies alimpa jina ndugu mwingine wa kundi hilo, Anopheles parensis, jina la Upare. Wakubwa wa kundi hili wanafanana mno, na baadhi yao hutengana vizuri zaidi wakiwa viluwiluwi. Ndiyo maana sioni kazi ya kutaja spishi kama anasa ya wapenda wadudu. Ukikosea jina, unakosea kujua dawa imefanya nini.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba uniamini, mwalimu: mbu aliyenaswa akiruka ana thamani ndogo kuliko mbu uliyemlea. Ushahidi bora wa spishi ya mbu ni mnyama mmoja mwenye hatua zake zote, yaani ngozi aliyoivua alipokuwa kiluwiluwi, ngozi aliyoivua alipokuwa pupa, na mwili wa mbu mkubwa, vyote vikiwa na namba moja. Watu wengi hulea viluwiluwi ishirini kwenye beseni moja, wakapata mbu ishirini na rundo la ngozi zisizojulikana ni za nani. Kama beseni lilikuwa na spishi mbili, na kwenye kwapa la mgomba mara nyingi zipo mbili au tatu, kazi yote imeharibika.

Fanya hivi. Kila kiluwiluwi aliyefikia hatua ya nne, ile ya mwisho, mtie kwenye kichupa chake peke yake. Tumia maji yaleyale mliyomtolea, pamoja na uchafu kidogo wa majani, ambao ndio chakula chake. Maji ya bomba yenye dawa yanaweza kumdhuru. Usiweke vichupa juani. Mpe namba yenye sehemu mbili: ya kwanza ni ya shimo au kwapa, ya pili ni ya kiluwiluwi mwenyewe, mfano 7-1, 7-2. Akigeuka pupa, ngozi yake ya zamani itabaki majini. Iondoe taratibu kwa brashi laini, uihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 80 pamoja na karatasi ya namba iliyoandikwa kwa penseli. Wino unayeyuka, penseli haiyeyuki. Funika kichupa kwa chandarua. Mbu akitoka, ngozi ya pupa nayo ihifadhi vivyo hivyo.

Mbu mwenyewe usimuue papo hapo. Mwache angalau saa 24. Mwili unahitaji kukauka na magamba kukamaa, la sivyo atajikunja. Kwa dume kuna sababu kubwa zaidi: akitoka kwenye pupa, ncha ya tumbo lake huanza kuzunguka na ndani ya siku moja hivi inakuwa imegeuka nyuzi 180. Ukimuua katikati ya mzunguko huo, viungo vyake vya uzazi vitakuwa vimekaa upande, na ulinganisho na michoro ya vitabuni unakuwa mgumu. Baada ya hapo mweke kwenye friza mpaka afe, kisha ndani ya kichupa kikavu chenye silika ya kunyonya unyevu. Mbu mkubwa utakayemtazama kwa magamba usimtie kwenye ethanoli, maana magamba yanapukutika na rangi inapotea, na kwa kundi la simpsoni alama ndogo nyeupe za miguuni ndizo unazozitafuta.

Viluwiluwi wachache wahifadhi pia wakiwa bado viluwiluwi. Watumbukize kwanza kwenye maji ya moto yasiyochemka ili wanyooke, ndipo uwahamishie kwenye ethanoli. Kinachosomwa kwao ni vinyweleo: vipo wapi, ni vingapi, vimegawanyika matawi mangapi, na meno ya kichana yaliyo karibu na mrija wa kupumulia yamepangwaje. Wanafunzi wenye subira wanaliweza hili kabisa wakiwa na hadubini ya shule yenye taa nzuri.

Utauliza kuhusu vinasaba. Siku hizi tunakata mguu mmoja wa mbu, tunasoma kipande cha COI, jeni inayotumika sana kutambua spishi, chenye herufi 658, na mwili uliobaki unaendelea kuwa ushahidi. Ni msaada mkubwa, hasa kuunganisha dume na jike wasiofanana, au kiluwiluwi na mbu mkubwa. Lakini usiache kipande hicho kiamue peke yake. Katika kundi la Anopheles gambiae spishi zimewahi kubadilishana jeni, na COI inashindwa kutenganisha hata gambiae na arabiensis, wakati vipimo vya PCR (vya kuzidisha vipande vya vinasaba) vinavyotumia sehemu nyingine za vinasaba vinawatenganisha kila siku maabara. Kwa upande wa pili, tofauti kubwa ya COI ndani ya spishi moja inaweza kuwa ni milima tu iliyowatenga ndugu kwa muda mrefu. Ninaposoma maelezo ya spishi mpya natafuta mambo mawili yanayokubaliana kwa njia tofauti, mfano umbo la dume na vinasaba, au vinasaba na kiluwiluwi. Jambo moja likisimama pekee, nasita.

Misitu ya Afrika bado ina mengi, na siyo kwa mbu wasiojulikana tu. Hata kwenye kundi la gambiae, lililochunguzwa kuliko mbu wote wa bara hili, mwaka 1985 aliongezwa Anopheles bwambae kutoka chemchemi za moto za Semliki nchini Uganda, mwaka 2013 wakaongezwa Anopheles coluzzii na Anopheles amharicus, na mwaka 2019 Anopheles fontenillei kutoka msitu wa La Lopé nchini Gabon. Kama hilo linawezekana kwa mbu wa malaria, fikiria Eretmapodites au jenasi nyingine kama Uranotaenia, ambao watu wanaowafuatilia ni wachache mno.

Tuseme sasa ushahidi umekamilika na kweli mbu ni mpya. Jina linaanza kuhesabika pale tu linapochapishwa kwa kufuata Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Andiko lazima liseme wazi kwamba spishi ni mpya, lieleze inavyotofautiana na ndugu zake, na litaje sampuli moja iliyochaguliwa kubeba jina, yaani holotaipu, pamoja na taasisi inakohifadhiwa. Holotaipu ni kama sale la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la Wachaga: wajukuu wakibishana miaka mia baadaye, wanarudi kulitazama lilipopandwa. Nyingine mlizozichunguza pamoja nayo zinakuwa parataipu, na ni vizuri zigawanywe kwenye taasisi zaidi ya moja, mojawapo ikiwa hapa nchini. Kwa makala zinazotoka mtandaoni pekee, tangu mwaka 2012 kanuni inataka pia zisajiliwe kwenye ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Jina la mahali huishia na -ensis, la mwanamume -i, la mwanamke -ae. Aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye haki, kuanzia mwaka 1758.

Kuhusu vibali, usiruke hatua. Tangu mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro umeingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo kuvuka mpaka kukusanya wadudu kunahitaji kibali, na utafiti rasmi unapita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Kwenye vihamba, ridhaa ya mwenye shamba inatosha kwa mazoezi ya shule. Sampuli zisitumwe nje ya nchi bila mkataba wa maandishi. Na tafadhali, mwanafunzi yeyote asikae msituni akiwa chambo cha mbu. Virusi vya Zika vilitengwa kutoka kwa Aedes africanus wa msituni Uganda mwaka 1948, na homa ya manjano huzunguka kwa mbu wa aina hiyohiyo. Kukusanya viluwiluwi kwa pipeti kunatosha, na kama nilivyosema, ndiko kunakotoa ushahidi bora.

Kwa hawa mliokwisha kuwapata, rudini kwenye mimea ileile, mlee viluwiluwi peke peke, na mhakikishe mna madume angalau watano. Kila kichupa kiwe na tarehe, kijiji, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, mmea au aina ya shimo, na jina la aliyekusanya. Mkifikisha hapo, wapelekeni kwa wataalamu wa mbu wa hospitali ya KCMC hapa Moshi, au kule kwenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (TPHPA) ya Ngaramtoni, Arusha, na muombe wanafunzi wawepo wakati madume yanapowekwa kwenye slaidi.