Seva Ikinyamaza, Haijakataa

Wiki iliyopita nilikaa na kijana wetu mpya tukipitia moduli yake ya leseni, yaani kipande cha programu kinachouliza seva yetu kama mteja amelipia. Msimbo safi, majaribio yote ya kijani. Tukafika mstari wa mwisho wa kuhakiki: seva isipojibu ndani ya sekunde tano, funga programu. Niliutazama mstari ule mpaka chai ikapoa. Niliwahi kuuandika mimi, na wengine watatu waliopita ofisini kwetu waliuandika pia, kila mmoja akiamini ameufikiria vizuri. Wadogo zangu mnaokabidhiwa leseni mwaka huu, nawaombeni msome haya kabla hamjagusa kibodi.

1. Jueni mnamzuia nani. Si yule wa kreki, anayevunja kinga za programu. Huyo ataifungua programu yenu kwenye debaga, chombo cha kuchungulia programu ikiwa inaendeshwa, atageuza ukaguzi mmoja, na adhuhuri ameshamaliza. Mnayemzuia ni fundi wa mtaani mwenye fleshi: kaitwa na mteja wenu kuweka antivairasi, akanakili na folda yenu, kesho yake akaipachika kwenye duka la shemeji yake. Hana ubaya moyoni. Kwake programu ni kama wimbo, watu wanarushiana. Komeo dogo linamtosha. Akikuta maneno ya upole kwamba ufunguo huu wa leseni tayari una kompyuta yake, na namba ya kununulia wa pili ni hii, mara nyingi anapiga. Kwa hiyo msimalize miezi miwili mkificha msimbo.

2. Msiifunge leseni kwenye anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao, peke yake. Mteja akichomeka modemu ya USB, au akibadilisha kadi ya Wi-Fi iliyoungua, kwenu anaonekana mtu mwingine. Wala msitegemee MachineGuid pekee, namba ambayo Windows huipa kompyuta inaposakinishwa, maana fundi akinakili diski moja kwenye kompyuta kumi bila kuisafisha, zote kumi zinabeba namba ileile. Chukueni vitambulisho vinne au vitano vya kompyuta, vigeuzeni heshi (alama fupi isiyoonyesha chenyewe) kabla ya kuvituma, na mkubali vingi vikilingana. Windows XP ilivumilia hivyo tangu 2001.

3. Kimya cha seva si hapana. Hapa nivumilieni, nina deni la kueleza.

Nilikuwa na programu ya maduka ya dawa, maduka 40 na ushee. Baada ya kukuta ufunguo mmoja unatumika kwenye maduka matatu, nilikasirika, nikaamuru kila kompyuta iulize seva yangu kila asubuhi. Seva ilikuwa Frankfurt. Jibu la ndiyo lilidumu mpaka usiku wa manane wa siku hiyo, basi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ikalia. Mama mwenye duka la dawa, Ifakara.

"Mwanangu, mashine yako inaniambia mimi mwizi."

Nikamwomba anisomee. Akasoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayesoma hati ya kuitwa mahakamani: LESENI SI HALALI. PROGRAMU IMEFUNGWA. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chekundu. Mama huyu alikuwa akilipa kila mwaka kabla sijamkumbusha. Nyuma yake nilisikia wateja wakiuliza kuna nini.

Sikuweza kuingia kwenye kompyuta yake, kwa kuwa njia zote nilizozijua zilipita kwenye intaneti. Simu za kawaida zilikuwa zinapita, SMS nazo zilipita, lakini sikuwa nimeweka hata kisanduku kimoja cha kuandika msimbo wa dharura. Ndipo nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nikamwambia arudishe tarehe ya kompyuta mpaka Jumamosi, siku ambayo jibu la ndiyo bado lilikuwa hai. Programu ikafunguka, akanishukuru. Nikawapigia na wengine, nikawapa maelekezo yaleyale.

Mauzo ya Jumatatu yakaandikwa juu ya Jumamosi iliyokwisha kufungwa. Jumanne ikaandikwa humohumo. Na programu ileile ndiyo iliyokuwa ikizuia kuuzwa dawa iliyopita muda, kwa kuangalia tarehe ya kompyuta. Ingekuwa mwanzo wa mwezi, kurudisha siku mbili kungeifungulia mlango dawa iliyokwisha juzi yake. Sikuliwaza hilo hata dakika moja wakati napiga zile simu.

Ilinichukua wiki tatu kunyoosha hesabu. Nilipanda basi mpaka Ifakara. Mama alikuwa ameandika kila kidonge kwenye kaunta buku, kwa penseli, tangu asubuhi ile. Hakuiamini tena mashine yangu. Tuliketi siku mbili, yeye anasoma, mimi naingiza. Mchana wa siku ya pili akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mimi nimekulipa mwezi wa kwanza. Kwa nini kila asubuhi naulizwa kama nimelipa?" Nilikosa jibu.

Majibu ni matatu: ndiyo, hapana na kimya. Hapana iwe ujumbe uliotiwa saini ya kidijitali na seva yenu, na kimya kimwachie mtu siku 30 za kuuza na taarifa ndogo pembeni. Msidhani wakubwa wamesalimika: Agosti 2007 seva za Microsoft zenyewe ziliwatangaza wenye Windows halali kuwa wana nakala bandia.

4. Wekeni njia ya SMS, ya kumfikishia mteja ndiyo yenu intaneti ikikatika. Saini ya Ed25519, aina mojawapo ya saini ya kidijitali, ni baiti 64. Kwa base32, uandishi wa herufi na tarakimu 32 tu, inakuwa herufi 103, inaenea kwenye ujumbe mmoja wa herufi 160. Tumieni alfabeti isiyo na I, L, O wala U, mtu asichanganye O na sifuri. Ufunguo wa siri, wa kutia saini, ubaki kwenu. Kwenye programu uingie wa umma tu, wa kuhakiki saini.

5. Andikeni leo mtafanya nini siku mkizima seva. Adobe walipozima seva za CS2, mkusanyo wao wa zamani wa programu za usanifu, ilibidi watoe nakala isiyohitaji kuamilishwa.

6. Saa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Leseni inajiona haijaanza, TLS, kinga ya mawasiliano ya mtandaoni, inakataa cheti cha seva, na mteja hajagusa chochote. Kijana wetu alibisha kwamba hilo ni nadra. Nikamwambia atembelee duka lolote lenye kompyuta ya mtumba.

Jana alinirudishia moduli. Akachomoa waya wa intaneti mbele yangu, programu ikaandika: "Seva haijapatikana. Endelea kuuza. Siku 30 zimebaki." Nikampongeza kwa moyo wote. Kisha nikamwomba arudishe saa mwaka mzima nyuma, awashe tena. Kikatokea kisanduku chekundu. Alinitazama, akavuta kiti, akafungua msimbo.