Redio yenye kuzala batoto: dola zangu 230 zilivyokwenda

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia saa tano na nusu za usiku: "Yaya (kaka), niko na dola mia mbili. Ninunue sinema ya nyumbani gani yenye bafle (spika) tano? Nataka sauti inizunguke." Nikasoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikacheka peke yangu gizani mpaka mke wangu akauliza kama naumwa. Swali lenyewe si la kijinga. Lilikuwa swali langu mimi, neno kwa neno, ila mimi nilikuwa na dola 230 na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nisidanganye: nilikuwa naye, sikutaka kumuuliza.

Namjibu hapa ili na wengine msome, kwa sababu najua mko wengi mnaoota ndoto hiyohiyo. Umekaa kwenye kiti chako, watoto wamelala, umeme upo, na gari la ndani ya filamu linapita kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia.

Mimi ugonjwa huu niliupata Desemba 2010. Mazembe yetu ya hapa Lubumbashi ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na mbele yake Inter Milan. Nilitazamia katika nganda (baa) moja ya mtaa wa Kamalondo, nimebanwa kama samaki kwenye kopo. Mwenye nganda alikuwa ametundika bafle kwenye pembe zote nne. Tulifungwa 3-0, watu wakatoka wameinamisha vichwa, lakini mimi nilitoka na kitu moyoni: kelele za uwanja nilizisikia zikitoka nyuma yangu. Nikaapa kwamba siku moja zitatoka nyuma ya kiti changu mwenyewe. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba bafle zote nne zilikuwa zikitoa sauti moja ileile, na zile kelele za nyuma zilikuwa za walevi.

Miaka ya katikati naiacha, haina utamu. Tuje Februari 2024. Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wamewatoa Misri kwa penalti, wamewapiga Guinea 3-1, na tarehe 7 ni nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Nikasema safari hii sitatazama kwa jirani. Nikaenda mjini, nikaingia duka moja, nikaona sanduku kubwa lenye picha ya moto na simba, na ubavuni maandishi mekundu: 5000W PMPO. Muuzaji alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. "Papa, iko na wati elfu tano. Majirani bote batahama." Alianza na 260, tukamalizia 230. Nililipa kwa noti mpya, zisizo na hata kona moja iliyochanika, na unajua noti kama hizo zinavyouma kuachia.

Ningegeuza ile mashine dakika moja tu, ningeona kibandiko kidogo cha fedha mgongoni: inakula wati 80. Sasa niambie, mashine inayokula 80 itatapika 5000 kutoka wapi? Hiyo PMPO ni hesabu ya kupamba sanduku, kila mwenye kiwanda anaifanya anavyopenda. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo ampli (mashine inayosukuma sauti kwenye bafle) inaweza kuitoa na kuendelea kuitoa. Kwa saloni (sebule) zetu za mtaa wa Katuba, wati 30 au 50 za RMS kwa kila bafle zinatosha kabisa kukugombanisha na mtaa mzima. Ushauri wa kwanza, basi: soma mgongoni, achana na ubavuni.

Turudi nyumbani. Saloni yangu ni nyembamba na ndefu kama behewa, na nyaya zilizokuja ndani ya sanduku zilikuwa fupi, nikaona bafle za mbele hazifiki ninapotaka. Nikanunua waya wa nyuzi mbili soko la Kenya (si nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi), mweupe, nyuzi zote mbili nyeupe. Nikaumenya kwa meno, nikaunga, nikafunga skochi. Nyuzi za mwanzo zilikuwa moja nyekundu na moja nyeusi. Mimi nikaona waya ni waya.

Jioni ya tarehe 7 nyumba ilijaa. Shemeki wangu, kaka ya mke wangu, anayefanya kazi mgodini Kolwezi na hakosi kuitaja kazi hiyo, alikaa kwenye kiti changu. Wimbo wa taifa ukapigwa. Wachezaji wetu wakaziba midomo kwa mkono mmoja, na wa pili wakaweka vidole viwili kwenye panja kama bunduki, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo, kwenye vita. Nyumba ikanyamaza. Mama mmoja akaanza kulia. Na katika kimya kile, mtangazaji alikuwa anasema jambo ambalo sote tulitaka kulisikia, na hatukulisikia. Kelele za uwanja zilijaa kila kona, pana, nzuri, lakini sauti ya mtangazaji ilikuwa nyembamba, ya mbali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikapandisha: uwanja ukapanda, mtu akabaki ndani ya pipa lake. Nikabonyeza kila kitu kwenye telekomande. Dakika ya 65 Haller akatufunga, na shemeki akageuka polepole, akanitazama, akasema mbele ya watu wote: "Hii ni redio tu, yenye kuzala batoto mingi."

Walicheka. Hata yule mama aliyekuwa analia alicheka. Mtasema ni utani wa mashemeki, na utani ndivyo ulivyo. Sawa. Lakini mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu anayeniuliza hali ya watoto wangu watano, na mimi nina watatu.

Baada ya wiki mbili nikambebea fundi mmoja wa Kenya, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, ambaye kibanda chake kinanuka risasi ya kuchomelea. Hakuiwasha kabisa. Alichukua jiwe la redio (betri), lile dogo la volti 1.5, akagusisha nyuzi zangu mbili kwenye ncha zake. Bafle ya kulia ikatoa "tup", ngozi yake ikasogea mbele. Akafanya vilevile kwa ya kushoto: "tup", ngozi ikarudi ndani. "Papa, moya inasukuma, ingine inavuta. Sauti ya muntu itapita wapi?"

Sauti ya mtangazaji hutumwa sawasawa kulia na kushoto, ndiyo maana unaisikia katikati. Bafle moja ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, zinafutana, na besi inakwenda nayo. Kelele za uwanja haziko sawa pande mbili, kwa hiyo zenyewe zinabaki. Nyuzi mbili nyeupe na meno yangu ndivyo vilivyoniaibisha. Ungesema dola 230 zimeokolewa na jiwe la redio.

Hazikuokolewa. Mwezi wa tatu umeme ulikatika jioni, nikalala bila kuchomoa. Saa tisa za usiku ukarudi, lakini ulirudi kama ng'ombe aliyevunja zizi. Balbu ya nje ikapasuka, na saloni ikanuka. Fundi alipoifungua, ubao wa ndani ulikuwa mweusi kama mkate uliosahauliwa motoni. Nikamwambia basi niuzie ampli nyingine, bafle si ninazo? Akanionyesha: plagi zake ni za mashine ile peke yake, na ni za omu 3 (kipimo cha jinsi bafle inavyozuia umeme), wakati ampli nyingi za kawaida zinataka 6 au 8. Ukilazimisha, ampli inachemka. Hivyo watoto watano wakabaki yatima. Ile bafle ya besi anaikalia binti yangu wa mwisho anapokula bukari (ugali).

Kijana wa Likasi, kama bado unasoma, hapa ndipo jibu lako lilipo. Usinunue sanduku. Nunua kipande kimoja kimoja, na anza na vya mbele.

Mimi nilianza na ampli ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa Yamaha safi kabisa, inang'aa, na nilikuwa nimeshika plagi mkononi tayari kuijaribu fundi aliponipiga kofi la mkono. Mgongoni: 100V. Ilitoka Japani, na huko umeme wao ni volti 100. Wetu ni 220. Ingekufa mikononi mwangu, na ya watu. Unaweza kuiwekea transfo ya kushusha umeme, lakini transfo ya kufaa ni nzito na ni gharama nyingine. Nikachukua ya pili, ya zamani zaidi, imekwaruzika, 230V, dola 70. Mnaona nilivyosema? Mgongoni.

Haina tundu la HDMI, lile la kebo ya picha na sauti pamoja, ni mzee. Lakini ina lile tundu la mwanga, optiko, na televisheni yangu inalo pia. Kebo hiyo moja nyembamba inabeba sauti ya Dolby Digital ya 5.1, yaani ya bafle tano na moja ya besi, vizuri. Kebo nyekundu na nyeupe mliyoizoea inabeba sauti mbili tu, kulia na kushoto, na ampli inabaki kukisia zilizobaki. Ukiwa na pesa ya ampli yenye HDMI, tafuta pameandikwa ARC, yaani njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwenye ampli, kwenye ampli na kwenye televisheni pia.

Kisha bafle mbili za mbao, omu 8, dola 45. Kisha ya katikati, dola 20, na hii ndiyo siri ambayo masanduku hayasemi: katika filamu, maneno karibu yote yanatoka katikati. Mbili za nyuma kazi yao ni mvua, ndege, upepo, mlango unaofunguka, na kwa muda mrefu zimekaa kimya. Tena zile filamu tunazopakuliwa kwenye klé (flashi) pale barabarani, nyingi zimebanwa mpaka zimebaki na sauti mbili. Unalipia bafle tano ili tatu zisinzie. Stabilizateri, ile ya kutuliza umeme, dola 35, na hiyo ungeinunua hata kabla ya ampli. Jumla 170. Mwaka uliofuata nikaongeza ya besi kwa 50. Ni 220, dola kumi chini ya lile sanduku la simba, na za nyuma sina mpaka leo.

Ile ya besi ina hadithi yake. Fundi aliniambia niiweke kwenye kiti changu, pale ninapokaa, nipige rumba yenye besi ndefu, halafu nitambae kwa magoti kando ya ukuta nikisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika safi ndipo pa kuiweka. Nikatambaa. Pembeni kabisa ilivuma kama ngoma ndani ya sufuria. Mbele ya kabati ikapotea, hakuna kitu. Chini ya dirisha, kama mita moja kutoka pembe, ikawa sawa, nasikia mpaka vidole vya mpiga besi. Nikabaki hapo kwa magoti, macho nimefumba, nimefurahi, mke wangu akasimama mlangoni: "Papa wa batoto, unatafuta panya?"

Chumba nacho, piga makofi katikati. Yakirudi yakilia, una sakafu ya vigae na kuta tupu. Weka pazia zito na mkeka kabla ya kulaumu ampli.

Ndugu zangu, niseme na hili hata kama litawaudhi. Wengi wetu hatununui sauti ili tusikie, tunanunua ili tusikiwe. Tunauliza wati ngapi kama anayeuliza mtu ana magari mangapi. Mtoto hajalipiwa shule, bafle iko mlangoni imeelekezwa barabarani. Mimi nilikuwa hivyo. Ile ampli iliyokwaruzika hakuna anayeisifu, lakini bibi yangu mwenye miaka themanini na zaidi alitazama nami filamu nzima na hakuuliza hata mara moja "amesema nini?" Dola elfu tano haziwezi kuninunulia hilo, na wati elfu tano ndiyo kabisa. Acheni kuishi kwa ajili ya majirani! Someni mgongoni!

Shemeki alirudi kututembelea, Februari tena. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Filamu nimeichagua, kebo nimezipangusa, stabilizateri inasoma 218. Nikampa kiti changu mwenyewe, kwa hiari. Filamu ikaanza, mtu wa kwanza akafungua mdomo, na maneno yakatoka katikati ya televisheni safi kama yuko chumbani. Nikamwona shemeki akiinua kichwa.

Dakika ya nne mvua ikaanguka. Mnaijua mvua ya Lubumbashi ya mwezi wa pili, na nyumba yangu ni ya mabati bila dari. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, tukabaki tunaona midomo inachezacheza. Shemeki akaniinamia, akanipigia kelele sikioni: "Shemeki, na batoto ba nyuma beko wapi?"

Nikamwonyesha mabati kwa kidole.